Ushuru wa Soko Lisiloonekana

Mwuza machungwa sokoni hulipa ushuru wa meza yake, na kila auzapo chungwa moja, kapu hupungua kwa chungwa moja. Mchezo wa simu hauna tabia hiyo. Hata ukiuzwa kwa watu milioni moja, ule wa asili hubaki ulipo, kwani kinachomfikia mnunuzi ni nakala ya tarakimu tu. Gharama kubwa ni ya kuutunga mchezo. Gharama ya kuunakili ni ndogo mno. Hata hivyo bidhaa hii nayo ina soko lake, na soko hilo lina ushuru. Yafaa basi kuuliza: katika soko lisilo na meza wala ukuta, ushuru hutozwaje?

Kampuni ya Apple ya Marekani ilifungua soko lake la programu za simu tarehe 10 Julai, 1008 + 1000, yaani mwaka 2008, likiwa na programu zipatazo 500. Katika kila dola moja ya mauzo, mtunzi alipata senti 70, na Apple ikabaki na senti 30. Oktoba mwaka huo huo kampuni ya Google ilifungua soko lake, ambalo tangu mwaka 2012 huitwa Google Play.

Lango la soko la namna hii ni hesabu. Mtunzi hupeleka programu yake ikaguliwe. Ikikubaliwa, hutiwa sahihi. Sahihi hiyo haiandikwi kwa wino, bali ni tarakimu nyingi zinazokokotolewa kutokana na programu yenyewe pamoja na namba ya siri. Simu huwa na namba nyingine, isiyo ya siri, ambayo huiwezesha kuithibitisha sahihi. Ikibadilishwa tarakimu moja tu ya programu, sahihi haikubali tena. Tangu soko hilo lifunguliwe, simu za iPhone zilikataa programu isiyoidhinishwa na Apple. Simu za Android humruhusu mwenyewe, akipenda, kuchukua programu kwingineko. Mwenye kulishika lango ndiye mwenye kutoza ushuru.

Kwa kuwa kunakili ni rahisi, bei zilishuka upesi. Kampuni ya Rovio ya Finland, iliyokwisha kutunga michezo 51, ilitoa Angry Birds Desemba 2009 kwa senti 99 za dola. Oktoba mwaka huo Apple ilikuwa imeruhusu programu za bure kuuza vitu ndani yake. Supercell, kampuni nyingine ya Finland, ilitoa Clash of Clans mwaka 2012 bila bei yoyote. Ndani ya mchezo huo ujenzi huchukua saa nyingi, hata siku. Mchezaji asiyetaka kungoja hununua vito vya kuufupisha muda. Kinachouzwa hapo ni kutokungoja.

Biashara hiyo ilizaa malalamiko. Januari 2014 Apple ilikubaliana na serikali ya Marekani kuwarudishia wateja dola zisizopungua milioni 32.5, kwa manunuzi ambayo watoto waliyafanya bila idhini ya wazazi. Tarehe 13 Agosti 2020 kampuni ya Epic Games iliweka ndani ya mchezo wa Fortnite njia yake yenyewe ya malipo. Apple na Google ziliuondoa mchezo huo siku ile ile, na kesi zikaanza. Tangu Januari 2021 Apple huwatoza asilimia 15 watunzi wadogo waliojiandikisha, ambao mapato yao hayazidi dola milioni moja kwa mwaka. Tangu Machi 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya imeilazimu kuruhusu masoko mengine katika nchi wanachama.

Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu na apige hesabu mapema. Mchezo wa shilingi 1,000 ukinunuliwa mara 600 huleta shilingi 600,000. Ushuru wa asilimia 15 ni shilingi 90,000. Hubaki 510,000, kabla ya kodi, umeme na ada ya kujiandikisha, ambayo Google hutoza dola 25 mara moja, na Apple dola 99 kila mwaka. Tena akumbuke kwamba baadhi ya sahihi zinazolinda lango hilo hutengenezwa kwa namba tasa, zile zile anazofundishwa darasani.