Watoto wa vita wasioandikwa popote Kariakoo

Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi Kariakoo ni ya wabeba mizigo. Malori yameshusha usiku, marobota ya mitumba yamepangwa kando ya barabara, maguta na mikokoteni inagombea njia Mtaa wa Kongo na Msimbazi, na mama lishe wa mwanzo wameshainjika mafuta ya maandazi. Katika pilikapilika hizo watoto wamo. Huyu ana kiroba mgongoni, anaokota chupa za plastiki za kwenda kuuza kwa kilo. Yule anasukuma mkokoteni kwa kifua, kichwa hakionekani nyuma ya maboksi. Wengi ni wa hapahapa nchini: Dodoma, Iringa, Tanga, au Mbagala tu hapo. Lakini wamo na wengine, wachache, ambao ukiwauliza kwao ni wapi watajibu "Kigoma" harakaharaka, na mazungumzo yameishia hapo.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, mkoani Kigoma, tangu 1996. Ilifunguliwa kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, baadaye ikapokea Warundi pia. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule wa kwanza leo ni mtu mzima mwenye watoto wake. Kwa hiyo yupo kijana anayesema Kigoma bila kudanganya, ingawa hajasema yote. Na Kigoma ndiko inakoishia Reli ya Kati, ambayo ncha yake ya pili iko hapa Dar es Salaam, mwendo mfupi kutoka geti la bandari.

Kuhusu watoto wa mitaani kwa ujumla magazeti yamekwisha kuandika mengi. Ninaowazungumzia hapa ni wale ambao vita vya majirani zetu viliwatoa kwao na ambao mjini hapa wanaishi kwa kujificha. Wavulana unaweza kuwaona sokoni ukitazama vizuri. Wasichana ni vigumu, maana wengi wao hawako sokoni. Wako ndani ya nyumba za watu Ilala na Temeke, wanaosha vyombo na kulea watoto wa wenzao, na jirani anaambiwa ni mtoto wa shangazi kutoka mkoani.

Tukianzia kambini ndipo tutaelewa wanachokikosa. Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipotangaza kugombea muhula wa tatu, Warundi walianza kuvuka mpaka kwa makumi ya maelfu. Wengi walikwama Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kisicho na nafasi ya umati ule. Meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawasomba hadi Kigoma mjini, kipindupindu kikiwa kimekwisha kuingia. Katika msongamano wa namna ile mtoto na mama yake wanaweza kupotezana kwenye ngazi ya meli tu, mmoja akapanda na mwingine akabaki.

Mtoto anayefika kambini peke yake hufunguliwa faili lake mwenyewe. Anahojiwa na mtu aliyefundishwa kuzungumza na watoto. Huandikwa kijiji alichotoka, majina ya ndugu zake, nani alikuwa naye mara ya mwisho, na nani hapaswi kabisa kukabidhiwa mtoto huyo hata akija na picha za familia. Anatafutiwa familia ya malezi, mara nyingi ya watu wa lugha yake, na mfanyakazi wa ustawi anapita kuangalia kama anakula, anasoma, hapigwi. Chama cha Msalaba Mwekundu nacho kinawatafuta ndugu kwa barua na simu, wakati mwingine kwa miaka. Kazi hii ina kasoro zake, na Marekani ilipositisha misaada mapema 2025 pigo lilifika hadi kambini. Lakini mfumo upo, unajulikana, na mtoto anajua pa kwenda akiumizwa.

Faili hilo halipandi treni. Mtoto akiondoka kambini, faili linabaki kabatini Kigoma.

Wanaondoka kwa sababu ambazo mtu yeyote aliyelea watoto atazielewa. Mgawo wa chakula kambini umepunguzwa mara kadhaa tangu 2017. Shule inafika mahali inaishia. Ndani ya nyumba ya malezi kuna fimbo, au kuna jambo baya kuliko fimbo. Au anatokea mjomba mwenye duka la nguo Dar anayehitaji kijana mwaminifu wa kukunja mashati. Mjomba huyo anaweza kuwa mwema kweli, anaweza pia kuwa hana undugu wowote na mtoto.

Wala si jambo jipya. Mtafiti wa Kimarekani Marc Sommers alikaa na vijana wa Kirundi jijini hapa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kitabu chake kikatoka 2001. Walikuwa watoto wa waliokimbia mauaji ya 1972, waliokulia katika makazi ya wakimbizi huko bara, wakaja mjini kushona nguo. Walilala ndani ya vibanda vya cherehani, wakijitambulisha kama Watanzania, huku wakiwahofia hata Warundi wenzao kwamba watawachoma kwa polisi. Kwa mpango ulioanza 2007 serikali imewapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo la 1972, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa kiwango hicho. Hofu aliyoieleza Sommers, hata hivyo, ilihamia kwa waliokuja baadaye.

Sheria mbili zinakutana juu ya mtoto huyu. Ya kwanza ni Sheria ya Wakimbizi ya 1998, inayomtaka mkimbizi aishi katika eneo lililotengwa na awe na kibali anapotoka. Ilitungwa nchi ikiwa bado na kumbukumbu ya Aprili 1994, watu takriban 250,000 walipovuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Ya pili ni Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu chake cha 5 kinakataza kumbagua mtoto, na kati ya sababu kilizozitaja kwa jina ni kuwa mkimbizi. Kifungu cha 95 kinamtwika kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa anapoona haki za mtoto zinavunjwa. Hakuna mahali kinaposema uulize kwanza mtoto huyo ni raia wa wapi.

Sasa tazama kinachotokea. Tuseme mvulana wa miaka 13 amepigwa na bosi wake kwa kisingizio cha mzigo uliopotea, mkono umevimba. Muuza kahawa mwenye huruma anampeleka kwa mtendaji wa mtaa au moja kwa moja dawati la jinsia na watoto polisi, ambako atapewa fomu ya polisi, PF3, ili atibiwe. Hospitali ya Amana ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana chini ya paa moja. Mpaka hapo kila kitu ni kizuri. Kisha inakuja fomu: jina, umri, jina la mzazi, mahali alipozaliwa, uraia.

Kalamu inasimama kwenye neno hilo la mwisho. Mtoto akisema Mkongo, anaamini kesi ya mkono itageuka kuwa kesi ya Uhamiaji, na aliyempiga anaijua hofu hiyo vizuri. Ndiyo maana alithubutu. Akisema Mtanzania, taarifa ya uongo inaingia kwenye kumbukumbu, na siku Msalaba Mwekundu wakimtafuta hawatampata. Wengi wanachagua njia ya tatu, ya kutokwenda kabisa. Na simu 116, ambayo mtoto anaipiga bure, inamfaa anayeamini kwamba atakayepokea hatamuuliza kitambulisho.

Simlaumu askari wa dawati. Anajaza alichopewa. Kinachohitajika ni maelekezo ya maandishi, mafupi, kutoka juu: mtoto aliyeumizwa anatibiwa, analazwa mahali salama na kusikilizwa kwanza, na suala la hadhi yake kisheria linashughulikiwa baadaye na afisa mwingine, mtoto akiwa na mtu wa ustawi pembeni yake. Uhamiaji hawapotezi chochote kwa kusubiri siku chache. Hata wanaosema nchi lazima ijue nani yumo ndani yake, na wana hoja, watamjua mtoto huyu mapema zaidi akijitokeza kuliko akijificha.

Kuna watakaosema mji hauwezi kubeba watoto wa vita, kambi ndiyo mahali pao. Mji huu uliwahi kuwabeba. Pale Kurasini, jirani kabisa na bandari, FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam Juni 1962, ilianzisha mwaka uliofuata Taasisi ya Msumbiji, chini ya uangalizi wa Janet Mondlane, na vijana waliokimbia vita vya Wareno walisoma humo hadharani. Mambo hayakuwa shwari siku zote. Vurugu za 1968 ziliifunga. Lakini hakuna aliyewataka vijana wale wajifanye wenyeji ili wapate kukaa darasani. Kurasini hiyohiyo leo yapo makao ya watoto ya serikali, na Mahakama ya Watoto ipo Kisutu. Maafisa ustawi nao huandaa familia za kuaminika, watu waliochunguzwa wampokee mtoto kwa muda badala ya kumlaza mahabusu. Sioni kwa nini miongoni mwa familia hizo wasiandaliwe Wakongo na Warundi wanaoishi mjini kihalali. Mtoto aliyeamka usiku akilia kwa lugha ya nyumbani apate wa kumwitikia.

Shida nyingine ni ya Kariakoo yenyewe. Huduma za mtaa hupangwa kwa kuangalia wakazi, na wakazi wa Kariakoo wamekuwa wakipungua kadiri nyumba za zamani zinavyobomolewa kupisha maghorofa ya maduka. Mchana kata ile inafurika watu wa mkoa mzima na wanunuzi kutoka Lubumbashi, Bujumbura, Lusaka na Moroni. Mtoto wa sokoni analala Jangwani au Buguruni, anafanya kazi Gerezani, anapigwa Mchikichini. Kila mtendaji anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba mtoto huyo si wa mtaa wake. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa tangu 2017 chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, zina nia njema, lakini vikao vyake vinawakuta watu waliopo saa nne asubuhi, si saa kumi na moja alfajiri mizigo inaposhuka.

Ningekuwa mwenye kupanga, ningeanza na vyama vya wafanyabiashara, wenye mikokoteni na mama lishe. Hao ndio wanaojua nani kaja jana, nani analala chini ya meza ya nani. Mama lishe anayempa mtoto ukoko wa wali kila jioni anajua habari zake kuliko ofisi yoyote, na pengine hajawahi kuitwa kwenye kamati. Afisa ustawi mmoja anayefika alfajiri, anayefahamika kwa sura, asiyeongozana na mgambo, angefanya zaidi ya semina nyingi za hotelini. Misako ya kuwakusanya watoto na kuwapakia kwenye magari imefanywa mara nyingi jijini, na watoto wamerudi mara zilezile.

Jambo la haraka kuliko yote liko mbali na soko. Warundi wamekuwa wakirejeshwa kwao kwa hiari tangu Septemba 2017, zaidi ya 100,000 wamekwisha ondoka, na kambi ya Mtendeli ilifungwa 2021. Familia inapojiandikisha kurudi, inaondoka na waliopo. Kijana aliyekuja Dar miaka miwili nyuma hayumo kwenye orodha ya basi, na asipoulizwa habari yake siku ile, faili linafungwa huku yeye akiendelea kusukuma mkokoteni bila kujua kwamba mama yake kavuka mpaka. Wakimbizi wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani; sera ya watoto iko Wizara ya Maendeleo ya Jamii; afisa ustawi wa kata yuko chini ya halmashauri, yaani TAMISEMI. Katika vikao vya Tanzania, Burundi na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa (UNHCR) vinavyopanga safari hizo, wa kwanza ana kiti. Wawili waliobaki waalikwe, waende na swali moja la kuulizwa kila familia kabla haijapanda basi: kuna mtoto wenu aliyetangulia mjini?