Muhogo Unaoozea Ardhini, na Elimu ya Molekuli za Mimea

Ziko elimu ambazo kijana akizitaja nyumbani hazihitaji maelezo. Akisema atasomea udaktari, au sheria, au uhasibu, mzazi hujua mara moja mwanawe ataketi wapi na kazi yake itakuwa ipi. Lakini kijana mwenye shahada ya kwanza anaporudi na kusema kwamba amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili katika elimu ya molekuli za mimea, nyumba nzima hunyamaza. Baba huuliza kama hicho ni kilimo au si kilimo. Mama huuliza ni miaka mingapi tena. Na babu, aliyelima umri wake wote pasipo kuijua molekuli, hutabasamu akatazama pembeni. Maswali haya ni ya haki, nasi twapenda kuyajibu kwa kadiri tuwezavyo. Maana miaka 2 ya ujana si kitu kidogo, wala fedha zitakazotumika si za kuokotwa njiani.

Twaonelea vema tuanzie shambani kabla ya kwenda chuoni.

Watu wetu wa pwani, kutoka Mombasa hata Mtwara, na wengi wa bara pia, waujua muhogo kuwa ni chakula na ni akiba. Mahindi yakikomaa hayangoji. Ama huvunwa, ama huliwa na wadudu. Muhogo hukaa ardhini ukamngoja mwenyewe, na mtu maskini huuacha huko mpaka siku ya haja, kama mwenye fedha aachavyo fedha zake benki. Sasa tumfikirie mtu huyo siku ya haja imefika. Mashina yamesimama, majani ni mabichi; pengine ameona umanjano kidogo kandokando ya mishipa ya majani ya chini, akadhani ni uzee wa jani. Anachimba, anakata, na ndani ya muhogo anakuta mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama kizibo cha chupa. Haupikiki, hausagiki, hauuziki. Akiba ya mwaka mzima imeoza mahali ambapo jicho halikufika.

Huu ndio ugonjwa uitwao michirizi ya kahawia. Alioueleza kwanza kwa maandishi ya kitaalamu ni H. H. Storey, mwaka 1936, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa nchi za chini tu, wa pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa, usioweza kustawi juu ya kimo cha mita 1,000. Kisha mwaka 2004 ukaonekana Uganda, juu ya kimo hicho, na baada ya hapo ukaenea magharibi mwa Kenya, kandokando ya Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo. Dhana ya miaka mingi ikaanguka.

Unaenezwaje? Kwa njia mbili. Ya kwanza ni inzi weupe, wadudu wadogo mno wakaao chini ya majani. Lakini hao hawaubebi ugonjwa huu kwa muda mrefu, kwa hiyo hawaufikishi mbali. Njia ya pili ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni mkono wa mwanadamu. Muhogo haupandwi kwa punje bali kwa pingili. Mtu akienda kumtembelea nduguye wilaya nyingine, hurudi na mzigo wa pingili alizopewa kwa wema. Aliyetoa hakujua, aliyepokea hakujua, na ugonjwa umesafiri ndani ya gari moja pamoja nao.

Hapa ndipo elimu tunayoizungumza inapoingia. Hakuna mkulima, hata awe hodari namna gani, awezaye kuitazama pingili iliyo safi kwa nje akasema kwa yakini kwamba ndani yake hamna kirusi. Yahitajika kuyasoma maandishi yaliyo ndani ya seli za mmea wenyewe.

Tunasema maandishi, wala hatutii chumvi. Kila kilicho hai kina ndani ya seli zake nyuzi ndefu ziitwazo DNA, na juu ya nyuzi hizo zimepangwa kemikali za namna 4 ambazo wataalamu huziandika kwa herufi A, C, G na T. Mpangilio wa herufi hizo ndio unaouagiza mmea utengeneze protini gani, na wakati gani. Muhogo una kromosomu 36, yaani jozi 18, na herufi zake ni takriban milioni 750. Kirusi cha michirizi ya kahawia, ambacho maandishi yake ni ya RNA, nduguye DNA, kina herufi 9,000 hivi tu, ambazo si mbali na herufi za makala kama haya. Kitu kifupi kama makala moja chatosha kuliharibu shamba zima! Tangu mwaka 2001 kilipoanza kusomwa, wataalamu wamegundua kwamba virusi hivi ni vya namna mbili zilizo karibu karibu, na zote mbili huuletea muhogo ugonjwa ule ule.

Basi mwanafunzi hufanya nini? Huchuma jani, hulisaga, hutenga RNA yake na kuigeuza iwe DNA. Kisha huitia katika kichupa kidogo pamoja na vipande vifupi vya DNA vilivyotengenezwa ili vishikane na maandishi ya kirusi peke yake. Kichupa huwekwa katika mashine ipandishayo joto hata kiasi cha nyuzi 95, ikalishusha hata 55 au 60, ikalipandisha tena hata 72. Kila mzunguko, maandishi ya kirusi, kama yamo, hujizidisha mara mbili: 1 huwa 2, 2 huwa 4, 4 huwa 8. Baada ya mizunguko 30 nakala moja yaweza kuwa zaidi ya milioni elfu. Kama kirusi hakimo, hakuna kinachozidishwa. Njia hii ilibuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, naye alipata Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1993. Nayo isingaliwezekana kwa wepesi kama si bakteria mmoja aishiye katika chemchemi za maji ya moto za Yellowstone huko Marekani, ambaye kimeng'enya chake hakiharibiki kwa joto. Mtu aliyemtafuta bakteria huyo miaka ya 1960 hakuwa akiwaza muhogo wala Afrika.

Likielezwa hivi, jambo laonekana jepesi, na vijana wengi huingia wakidhani hivyo. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya shahada hii ni kazi ya mikono yenye kuchosha: kupima matone madogo yasiyoonekana vema kwa macho, kuandika namba juu ya vichupa mia na zaidi, kurudia leo kilichoshindikana jana. Umeme ukikatika, jokofu likapoteza baridi, dawa za miezi huharibika kwa usiku mmoja. Dawa zenyewe aghalabu hutoka ng'ambo zikiwa katika barafu, na zikikawia forodhani barafu haingoji. Asiyeweza kustahimili kushindwa mara kwa mara, na atafute elimu nyingine mapema. Hakuna aibu katika hilo.

Tena iko desturi moja ya maabara ambayo twapenda wazazi waijue. Katika kila safu ya vichupa, mwanafunzi hutia kimoja chenye maji matupu mahali pa jani. Kichupa hicho ni shahidi. Kikionyesha kirusi, maana yake uchafu umeingia, na majibu yote ya siku hiyo hayana thamani, hata yale yaliyompendeza. Hapo kijana yu peke yake, saa za usiku, na wiki moja ya kazi iko mezani. Ataliandika katika daftari kama lilivyo? Msimamizi hayupo, mkulima atakayepanda pingili kwa kutegemea jibu lile yuko mbali. Kwetu sisi, mtihani huu ni mkubwa kuliko ule wa darasani.

Mafunzo ya darasani, kwa kweli, hayatofautiani sana chuo kwa chuo: urithi, maisha ya seli, magonjwa ya mimea, hesabu za takwimu, na siku hizi matumizi ya kompyuta katika kusoma maandishi marefu ya jeni. Mifano mingi hutolewa katika kimea kidogo kiitwacho Arabidopsis, gugu lisiloliwa na mtu, lakini lipandwalo na kutoa mbegu kwa muda wa wiki 6 hivi, na ambalo maandishi yake yalisomwa kabla ya mimea mingine yote, mwaka 2000. Wanafunzi wetu hulalamika kwamba wanafundishwa gugu la Ulaya na kuacha muhogo. Malalamiko hayo yana haki kiasi. Hata hivyo kanuni zipatikanazo katika gugu hilo ndizo zitumikazo katika muhogo, kama mtoto ajifunzavyo herufi kwa kitabu chepesi.

Swali jingine lisikikalo barazani ni hili: je, elimu hii ndiyo ile ya kuhamisha jeni kutoka kiumbe kimoja na kuzitia katika kingine? Twajibu kwamba hilo ni tawi lake moja, lenye mabishano yake na sheria zake. Kenya ilizuia kuingizwa kwa vyakula vya namna hiyo mwaka 2012, na serikali yake ikatangaza kuliondoa zuio hilo mwaka 2022, jambo lililoibua kesi mahakamani. Lakini sehemu kubwa ya kazi ni kusoma tu, wala si kubadili. Mfano mzuri tunao nyumbani. Kule Amani, tangu miaka ya 1930, Storey na wenzake waliuchanganya muhogo kwa uchavushaji na jamaa zake wa mwituni, mmojawapo ukiwa mti wa mpira wa Brazil. Mmoja wa uzao wa kazi ile hulimwa Tanzania kwa jina la Namikonga, na pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso, nao hustahimili michirizi ya kahawia kuliko mingi mingine. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti ambao Namikonga ilichanganywa na muhogo mwingine wa wakulima wa Tanzania, uitwao Albert, na kwa kuyasoma maandishi ya watoto wao zikatambuliwa sehemu za kromosomu zinazoambatana na ustahimilivu ule. Faida yake ni kwamba mchaguzi wa mbegu aweza kuuchunguza mche ukiwa bado mchanga na kukisia upi una tumaini, pasipo kuingoja misimu mingi ya kuchimba na kutazama. Hakuna jeni ya kigeni iliyotiwa hapo.

Kuhusu mahali pa kusoma, tutasema kwa ufupi. Uingereza shahada hii aghalabu ni ya mwaka 1. Wageningen, Uholanzi, ni miaka 2. Hapa kwetu kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilichoanzishwa 1984, na viko vyuo vya Nairobi na Makerere. Sisi hatuoni kwamba ng'ambo ni bora kwa kila kijana. Anayetaka kuusoma muhogo hana budi kuwa karibu na shamba la muhogo, na kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, kimefanya kazi kubwa juu ya virusi vyake.

Kabla ya kulipa ada, kijana na amwendee atakayemsimamia, amwulize mambo matatu: fedha za dawa za maabara zipo au zitatafutwa, mashine zinafanya kazi au zinangoja fundi, na swali atakalolichunguza limetoka wapi. Akijibiwa kwamba swali limetoka kwa wakulima wa mahali fulani, na aombe kupelekwa huko kwanza, akachimbe muhogo pamoja nao, aukate, na auone mwenyewe ulivyo ndani.