MWAKA 2021: SAYANSI ILIPOBISHA HODI KWETU

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Lakini wengi wetu shuleni huiona bahari hiyo iko mbali mno. Ukitaja sayansi utasikia, "Aa, hayo ni mambo ya Wazungu, sisi tunataka kupita mtihani tu." Dawa ya maneno kama haya ni kuutazama mwaka mmoja. Nimeuchagua mwaka 2021. Mwaka huo kila mdomo ulizungumza juu ya korona, na mambo mengine makubwa yakapita kimya kimya.

Kwanza, tuanze mbali kweli kweli, kwenye sayari ya Mirihi. Tarehe 18 Februari 2021, gari la utafiti liitwalo Perseverance, la shirika la NASA la Marekani, lilitua huko. Chini ya tumbo lake lilibeba helikopta ndogo, Ingenuity, yenye uzito wa kilo 1.8, yaani haifiki pakiti moja ya unga wa kilo mbili. Tarehe 19 Aprili ikapaa meta 3, ikakaa hewani sekunde 39, ikatua salama. Kwani sekunde 39 ni nini? Si mchezo! Helikopta hupaa kwa kusukuma hewa chini, na hewa ya Mirihi ni nyembamba sana, kama sehemu moja kwa mia ya hewa yetu. Ikabidi mapanga yake yazunguke zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Tena mawimbi ya redio huchukua dakika kadhaa kutoka hapa kufika huko, kwa hivyo hakuna mtu aliyeweza kuiendesha moja kwa moja. Ilipewa maagizo mapema, ikajiongoza kwa kompyuta yake. Ilipangiwa safari 5 tu, lakini iliruka mara 72 hadi mapanga yalipoharibika Januari 2024.

Pili, turudi nyumbani. Mwezi Mei 2021, wataalamu walitangaza habari za kaburi lililopatikana katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi. Ndani yake alilazwa mtoto wa miaka miwili unusu au mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Hilo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu linalojulikana barani Afrika. Mifupa ilikuwa laini kama majivu, haishikiki. Basi wakaizungushia plasta pamoja na udongo wake, ikapelekwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, na baadaye Hispania kuchunguzwa polepole. Iligunduliwa kwamba mtoto alilazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na kichwa chake kilikuwa kimewekewa kitu mfano wa mto. Wataalamu walimpa jina gani? Walimwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu hiki hiki! Wanachama wa Chama cha Kiswahili, hapo tupige kifua kidogo. Lakini tuone pia uchungu ulioko. Miaka 78,000 iliyopita, watu wa Pwani walimlilia mtoto wao na kumlaza kwa heshima.

Tatu, siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 2021, darubini kubwa iitwayo James Webb ilirushwa angani kutoka Guyana ya Kifaransa. Kioo chake kina upana wa meta 6.5, nacho kimeundwa kwa vipande 18 vilivyopakwa dhahabu. Kazi yake hasa ni kunasa miali ya joto isiyoonekana kwa macho, itokayo kwenye nyota za mbali mno. Ilikwenda kukaa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Na kituo cha anga cha Malindi kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokea mawimbi yake ya mwanzo. Wala Malindi si mgeni katika kazi hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na mji huo.

Jambo la nne nimelichelewesha makusudi, maana ndilo linalotugusa zaidi. Tarehe 6 Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, itumiwe kwa watoto wa Afrika. Mwaka 2020 malaria iliua watu wapatao 600,000 barani, na wanane katika kila kumi walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Umri wa Mtoto wa Kilifi!

Chanjo yenyewe hufanyaje kazi? Mbu jike akikuuma huingiza vijidudu katika damu. Vijidudu hukimbilia kwenye ini, huzaana humo, kisha hutoka kwa maelfu kuzishambulia chembe nyekundu za damu. Hapo ndipo homa na kutetemeka huanza. Chanjo huufundisha mwili kumtambua adui mapema, kabla hajajichimbia ndani ya ini. Utafiti ulichukua miaka zaidi ya thelathini kwa sababu adui huyu hubadilisha umbo kila hatua, kama mwizi anayebadilisha koti kila kona. Watoto zaidi ya 15,000 kutoka nchi saba za Afrika walishiriki katika majaribio makubwa, wakiwemo wa Kilifi, Kombewa na Siaya. Nani basi atasema ati haya ni mambo ya Wazungu?

Hata hivyo, tusidanganyane. Katika majaribio hayo, waliopata dozi zote nne waliepushwa na malaria kama mara nne katika kila kumi. Kwa hivyo neti haijastaafu. Isitoshe, katika mpango ulioanza Kenya Septemba 2019, dozi zilitolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 9 na 24. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, kwa kuwa mtoto keshatembea na mama anadhani kliniki imekwisha.

Wanafunzi wenzangu, hapa ndipo kazi yetu ilipo. Sisi wa shule ya kutwa hulala nyumbani kila siku, pamoja na wadogo zetu. Jioni hii, fungua kijitabu cha kliniki cha mdogo wako, uangalie kama kuna nafasi tupu. Ukiiona, mwambie mama kwa adabu, naye aulize kliniki. Helikopta ya Mirihi imekwisha kuruka bila sisi, lakini nafasi ile tupu kijitabuni inatungoja sisi.