Je, Wajua? Bakshishi ya Anayekutandikia Kitanda

Mgeni anayelala Soy, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, humwona aliyemletea chai na kumwachia chenji. Anayebadilisha shuka huingia mgeni akiwa ametoka, naye husahaulika.

Je, wajua kwamba…

• Bakshishi nchini Kenya ni hiari? Hakuna sheria inayomlazimisha mgeni kuitoa.

• Kodi unayolipa si bakshishi? Chumba cha shilingi 5,000 kabla ya kodi huongezwa VAT ya asilimia 16, yaani 800, na ushuru wa utalii wa asilimia 2, yaani 100. Ushuru huo umesaidia kwa miaka mingi kugharamia Chuo cha Utalii cha Kenya kilichoko Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1975, ambako wahudumu wa vyumba hufunzwa kazi. Umelipia mafunzo, lakini mfukoni mwa aliyekutandikia kitanda hakijaingia kitu.

• Ada ya huduma, pale inapotozwa, kwa kawaida hugawanywa kwa wafanyakazi wengi? Uliza mapokezi kama imo kwenye bili. Uingereza, tangu Oktoba 1, 2024, sheria inamtaka mwajiri awape wafanyakazi bakshishi yote bila kukata.

• Noti iliyoachwa mezani bila maelezo huweza kupelekwa ofisini kama mali iliyosahauliwa? Mhudumu mwaminifu haigusi. Andika kikaratasi: “Asante, ni ya anayesafisha chumba.”

• Kutoa kila asubuhi ni haki zaidi kuliko kungoja siku ya kuondoka? Wahudumu hupokezana zamu. Aliyesugua bafu Jumatatu huenda Alhamisi yuko mapumzikoni. Katika hoteli ya kawaida, shilingi 100 au 200 kwa usiku ni shukrani tosha.

• Mwaka 2014 hoteli za Marriott ziliweka vyumbani bahasha za bakshishi, zikalaumiwa? Wakosoaji walisema kampuni ingeongeza mishahara badala ya kumtwika mgeni.

• Sarafu za euro anazoacha mgeni aliyekuja kufanya mazoezi ya riadha huwa hazina kazi Eldoret? Kwa kawaida benki hubadilisha noti tu.

• M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, inafaa pia? Ila namba aitoe mhudumu mwenyewe kwa hiari yake. Akikataa, noti na kikaratasi vinatosha.