Kipimo cha Macho Kinapohitaji Kurudiwa

Huenda nyumbani kwako yupo mzee ambaye siku hizi hujikwaa kwenye kigoda kilicho ubavuni pake, au hugonga kikombe cha chai akakimwaga, ilhali mtu aliye mbele yake anamtambua vizuri. Majirani husema ni uzee. Lakini yawezekana ni glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho.

Glakoma huharibu mshipa wa fahamu unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi haiumi. Huanza kupunguza upana wa kuona polepole, na katikati hubaki pazima kwa muda mrefu. Kilichopotea hakirudi, dawa au upasuaji hulinda kilichobaki tu. Nao si ugonjwa wa mbali. Huko Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, wataalamu waliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kuwa watu wapatao 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma.

Mgonjwa ni sehemu ya kipimo

Daktari akishuku ugonjwa huu, hupima presha ya jicho na kuuchunguza mshipa wenyewe. Kisha hutaka kujua upana wa kuona, kwa mashine ambayo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kama KCMC ya Moshi. Mgonjwa huegemeza kidevu, jicho moja limefunikwa, na kukazia macho nukta iliyo mbele yake. Mianga midogo huwaka hapa na pale. Kila aonapo mwanga, hubonyeza kitufe.

Damu ikishatolewa, mgonjwa hana kazi tena. Kipimo hiki sivyo: kinategemea usikivu na utulivu wake. Akiwa na usingizi, kope ikishuka, au asipoelewa maelekezo, karatasi itaonyesha upofu usiokuwepo. Akibonyeza ovyo, itaficha upofu uliopo. Ndiyo maana mashine nyingi humchunguza pia mgonjwa mwenyewe, kuona kama anahamisha jicho au anabonyeza pasipo mwanga.

Mara ya kwanza si hukumu

Binti anayeanza cherehani, mshono wake wa kwanza hupinda. Wa tatu hunyooka. Kipimo hiki nacho kina kuzoea. Wengi hupata matokeo mabaya mara ya kwanza kuliko hali yao halisi, kisha huwa bora mara ya pili au ya tatu. Kwa sababu hiyo madaktari hutaka vipimo viwili au zaidi kabla ya kuweka msingi wa kulinganishia miaka ijayo.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kukata tamaa kwa karatasi moja. Wa pili ni mbaya zaidi: mzee anarudia kipimo, matokeo yanakuwa mazuri kuliko awali, nyumba nzima inashangilia kuwa amepona, na dawa ya matone inaachwa. Kumbe hajapona, amezoea mashine tu. Tumshukuru Mungu, lakini matone yaendelee mpaka daktari aseme vinginevyo.

Umsaidieje mgonjwa wako?

1. Asipimwe akiwa ametoka tu kwenye basi. Ikiwezekana, alale kwanza na ale vizuri.

2. Kama Kiswahili kinampa taabu, ombeni aelezwe kwa Kinyaturu, Kinyiramba au lugha aijuayo.

3. Atazame nukta moja, asiifuate mianga.

4. Asibahatishe. Huu si mtihani wa shule. Hata mwenye macho mazima haoni karibu nusu ya mianga, maana mashine huififisha makusudi ili ijue mwisho wa uwezo wake.

5. Akichoka aseme, kipimo kinaweza kusimamishwa kidogo.

6. Karatasi zote zitunzwe pamoja, ziletwe kila safari.

Ndugu wa damu wa mgonjwa, yaani watoto, kaka na dada, nao wapimwe macho, kwa kuwa glakoma hufuata ukoo.

Tunajua nauli ya kutoka Iramba au Manyoni hadi hospitali kubwa inaweza kumaliza kuku wa bandani au fedha ya alizeti. Daktari akisema kipimo kirudiwe, ni rahisi kunung'unika kuwa tumepotezewa fedha. Mama, wewe unayepanga bajeti ya nyumba, iweke safari ya pili katika hesabu tangu mwanzo, na uwaeleze wenzako sababu yake. Kurudia kipimo si kupoteza fedha. Ndiyo njia ya kujua ukweli wakati bado kuna macho ya kuokoa.