Mvua Moja, Ndevu na Upara

Testosteroni huotesha ndevu kidevuni na kumaliza nywele utosini mwa mwanamume yule yule. Kutoka kidevu hadi utosi hakufiki hata dhiraa moja, na damu ni ileile, lakini amri moja hutekelezwa kinyumenyume.

Kiswahili hugawa nywele kwa mahali zinapoota: nywele zenyewe ni za kichwani, kisha kuna ndevu, kope, nyusi, mavuzi, na malaika, yale laini ya mkononi na shavuni. Sarufi nayo iko macho: malaika wa mbinguni hushuka, malaika ya ngozi huota. Mgawanyo huu unalingana na biolojia. Kope na nyusi karibu hazijali homoni za kiume. Mavuzi na nywele za kwapa hutosheka na kiasi kidogo, ndiyo maana wasichana huziota sawa na wavulana. Ndevu hudai kiasi kikubwa.

Kiungo kinachozaa unywele ndicho kisicho na jina la kuridhisha. Kinyweleo kwa wengine ni tundu la ngozi, kwa wengine ni unywele wenyewe mwembamba. Kifuko huleta picha ya kitu cha kuhifadhia, ilhali hapa hakihifadhiwi kitu. Kitalu kinafaa zaidi, kwa kuwa ni mahali padogo pa kuoteshea, panapolimwa, panapopumzishwa na kulimwa tena. Kitalu cha kichwani huotesha kwa miaka 2 hadi 6, husinyaa kwa wiki mbili tatu, hupumzika kama miezi 3, kisha unywele wa zamani hudondoka na mpya kuchipua. Kichwa kina vitalu takriban 100,000, hivyo kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida.

Testosteroni ni mvua juu ya vitalu hivyo. Masika yakinyesha bonde zima, mpunga husimama majini ukashamiri, na mahindi ya shamba la jirani huwa manjano kwa mizizi kukosa hewa. Mvua haikuchagua, jibu limo katika kilichopandwa. Chini ya kila kitalu cha unywele pana kinundu cha seli kiitwacho papila. Humo hufanya kazi kimeng'enya cha 5-alfa-riduktesi, mithili ya mfereji unaokusanya maji ya mvua na kuyapa nguvu: hugeuza testosteroni kuwa dihidrotestosteroni, ambayo hukishika kipokezi cha seli kwa nguvu zaidi. Ujumbe ukishapokewa, kila papila hutenda kwa tabia yake. Ya kidevuni hutoa protini za kukuza, IGF-1 ikiwa mojawapo. Laika hunenepa, hupata rangi, huwa udevu. Ya utosini mwa aliyerithi upara hutoa protini za kuzuia, kama TGF-beta 1. Msimu wa kuota hufupika mzunguko baada ya mzunguko, kitalu hupungua, na unywele hurudi kuwa laika. Kipara, basi, si uwanja mtupu: vitalu vingi bado vipo, vinaotesha malaika.

Kwamba mvua inahitajika kulibainika mwaka 1942, pale Mmarekani James Hamilton alipoonyesha kuwa wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawapati upara. Walipopewa testosteroni, waliopukutika nywele ni wale wenye upara katika ukoo. Kwamba tabia imo kitaluni kulionyeshwa na Norman Orentreich wa New York, mwaka 1959. Vipande vya ngozi ya kisogoni, alivyovipandikiza uparani, viliendelea kuotesha nywele. Mche haukufuata desturi ya shamba jipya, na upandikizaji wote wa nywele wa leo unasimama juu ya jambo hilo.

Mfereji wenyewe ulifahamika kupitia kijiji cha Salinas, Jamhuri ya Dominika. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza kuhusu wanaume wa huko waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hicho: testosteroni wanayo, ndevu zao ni haba, na nywele za kichwani hazirudi nyuma. Dawa ya finasteridi, inayokizuia kimeng'enya hicho, ilifuata mkondo huohuo.

Testosteroni si homoni pekee inayoamuru vitalu. Kwa mjamzito, estrojeni nyingi hurefusha msimu wa kuota, na nywele hujaa. Akijifungua, homoni hushuka, vitalu vingi huingia mapumzikoni kwa pamoja, na miezi michache baadaye nywele hujaa kwenye kitana. Hurudi zenyewe.

Kwa mamalia wa nchi za baridi, saa ya homoni ni urefu wa mchana. Usiku ukifupika, melatonini hupungua, prolaktini hupanda, na manyoya ya majira ya baridi hupukutika.

Simba anarudisha habari kwa testosteroni. Huko Serengeti, Peyton West na Craig Packer waliripoti mwaka 2002 kwamba madume wenye manyoya meusi zaidi shingoni wana testosteroni nyingi zaidi, na majike huwapendelea, ingawa weusi huo huwaongezea joto. Dume akihasiwa, manyoya hayo humtoka, naye hubaki akifanana na jike.