Ukame Hauui Mifugo Peke Yake

Ndugu msikilizaji, baina ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 jirani zetu wa Kenya walipatwa na msiba mkubwa. Misimu mitano ya mvua ilifuatana pasipo mvua ya kutosha, na mwezi Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame huo kuwa janga la taifa. Katika nchi za wafugaji, kama vile Turkana, Marsabit na Wajir, ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2.

Mizoga huhesabika, majonzi hayahesabiki. Kwa mfugaji, ng'ombe ni mahari ya mwanawe, ni karo ya shule, ni akiba ya uzeeni, na ni heshima yake mbele ya wazee wenziwe. Zizi likibaki tupu, mwenye zizi hujiona naye ni mtupu. Hukosa usingizi, hujitenga, hukimbilia pombe, au huwa mkali kwa mkewe na watoto. Wako hata wanaofikia kutaka kujiua. Hayo si uvivu wala si laana. Ni maumivu ya nafsi, na yakizidi huwa maradhi yanayotibika.

Mahindi ya msaada yaliokoa maisha ya wengi. Lakini gunia la mahindi halimsikilizi mtu. Waganga wa maradhi ya akili ni wachache, na wengi wao wako mijini. Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Mwezi Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba. Hao, wakifundishwa vyema, wataweza kumtambua mapema aliyevunjika moyo.

Sheria nayo imebadilika. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinapingana na Katiba.

Ndugu askari, hapa pana funzo. Wewe unayelinda msafara wa chakula, unayesuluhisha ugomvi wa kisimani, unayeitwa usiku wa manane, mara nyingi ndiwe wa kwanza kumfikia mtu huyo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wenye mambo matatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Tazama ni nani aliye hatarini. Msikilize bila ya kumkemea wala kumlazimisha aseme. Kisha muunganishe na jamaa zake na mganga, wala usimwache peke yake.

Wamaasai wa Kajiado na wa Longido huchunga chini ya mawingu yale yale, na mawingu yakinyima, hayatambui mpaka. Bunduki humlinda mwananchi dhidi ya adui anayeonekana. Kwa adui huyu aliyejificha moyoni, silaha ya kwanza ya askari ni sikio lake.